Waliofika Kwanza: Kutoka Sange hadi Reli Itakayokuja

Ndugu msomaji, ukiteremka kutoka Butare kuelekea Bugarama (naisema Butare ya Rusizi, si ule mji wa chuo kikuu ulioko Huye), unaingia katika bonde la mto Ruzizi. Ng'ambo ya mto ni Kongo, na kwenye barabara ya Bukavu hadi Uvira upo mji mdogo wa Sange.

Jioni ya tarehe 2 Julai 2010, lori la petroli lilipinduka hapo. Watu walitoka na madumu na mabeseni kuchota mafuta. Wengine hawakutoka: walikuwa katika vibanda vya video wakitazama Kombe la Dunia. Moto ulipolipuka, haukumbagua mchotaji na mtazamaji. Waliokufa walizidi 230. Wengi walizikwa katika makaburi ya halaiki, na majeruhi wakasafirishwa kwa helikopta za Umoja wa Mataifa.

Wapo wasemao kwamba Sange iliangamizwa na tamaa. Sikubaliani nao, kwani waliokuwa vibandani hawakuchota hata kikombe. Kilichokosekana ni elimu. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa ardhini, hufuata mteremko, hupenya chini ya milango, na ukikuta koroboi au jiko, moto hurudi nao hadi kwenye tangi. Hayo mwanakijiji atayajuaje ikiwa hajafundishwa? Naye ndiye mwokoaji wa kwanza, maana zimamoto hutoka mjini.

Pengine utaniuliza: reli inahusikaje, nawe unajua Rwanda haina hata kilomita moja ya njia ya treni? Inahusika kwa sababu mpango wa reli kutoka Isaka, Tanzania, hadi Kigali umekuwa mezani kwa miaka mingi, na kwa sababu lori huvuta tangi moja ilhali treni huvuta mengi. Novemba 2017, katika mkoa wa Lualaba nchini Kongo, treni ya mizigo iliyobeba mafuta ilitumbukia korongoni na kuteketea. Watu zaidi ya 30 walikufa, wengi wao wakiwa wamedandia mabehewa.

Nchi zenye reli za zamani zilijifunza kwa gharama hiyo hiyo. Tarehe 22 Februari 1978, treni iliacha njia katika mji wa Waverly, jimbo la Tennessee, Marekani. Miongoni mwa mabehewa yaliyoanguka lilikuwamo tangi la gesi ya propani. Halikuwaka. Siku ya kwanza ikapita, na ya pili. Theluji ilikuwa imetanda, kisha hali ya hewa ikapata joto, na ndani ya tangi lililojeruhiwa shinikizo likapanda bila mtu kuliona. Alasiri ya tarehe 24, mafundi wakijiandaa kuihamisha gesi ile, tangi lilipasuka. Walikufa watu 16, wakiwamo mkuu wa polisi na mkuu wa zimamoto wa mji. Hawakuwa wazembe hata kidogo. Walikuwa kazini, palepale ambapo wajibu uliwaita, lakini hakuna aliyekuwa amewafundisha kwamba tangi lililotulia laweza kuwa hatari kuliko linalovuja.

Baada ya msiba huo, mafunzo ya vikosi vya uokoaji yalitiliwa mkazo mpya. Huko Pueblo, Colorado, kilianzishwa kituo ambapo wazimamoto hujizoeza juu ya mabehewa halisi ya matangi. Na somo la kwanza, msomaji wangu, ni kutokukimbilia. Simama mbali, upande upepo unakotoka, mahali palipoinuka, kisha soma kibao cha rangi ya chungwa kilichobandikwa kwenye tangi. Ukiona 33 juu na 1203 chini, hiyo ni petroli. Piga 112, uitaje nambari hiyo, uwazuie wenzako wasisogee. Kusoma tarakimu sita hakuhitaji chuo. Kunaweza kufundishwa asubuhi moja, umuganda ukiisha na watu wakiwa wameketi mkutanoni.

Tangi likishika moto, waokoaji hufundishwa kuwaondoa watu hadi mita 800 kila upande. Vibanda vya video vya Sange vilikuwa ndani ya umbali huo.