Kanusho la Parodia katika Michezo ya Watu Wazima ya Mashabiki: Mtazamo wa Kihistoria

Michezo ya kompyuta ya watu wazima inayotungwa na mashabiki, yaani ile inayowachukua wahusika wa kampuni fulani na kuwaingiza katika visa vya ngono bila idhini ya kampuni hiyo, aghalabu hutanguliwa na maandishi mafupi. Maandishi hayo humwarifu mchezaji kwamba kazi hii ni parodia, kwamba wahusika ni mali ya wenyewe, na kwamba mtunzi hana uhusiano wowote na wenye mali. Makala haya yanakusudia kuchunguza iwapo kanusho la aina hii lina uzito wowote. Huenda swali lenyewe likaonekana dogo, hata la aibu kidogo, kwa jarida la uhakiki wa fasihi. Hata hivyo, parodia ilikuwa istilahi ya wahakiki kabla ya kuwa ya mawakili, na watunzi wadogo wanaoitegemea kama ngao wanaweza kupoteza kazi ya miaka mingi kwa kuielewa visivyo.

Kwa parodia tunakusudia utungo unaouiga utungo mwingine unaotambulika, huku ukiuelekezea huo wa awali kejeli au uhakiki. Sifa ya kutambulika ni muhimu. Katika malumbano ya Muyaka wa Mombasa na Zahidi Mngumi wa Lamu, hadhira iliyajua maneno yaliyokuwa yakijibiwa, na hakuna aliyehitaji kutangaziwa kwamba anayesema sasa si yule aliyesema mwanzo. Iwapo ndivyo, kanusho lina kazi gani?

Historia tunayoihitaji inaanzia San Francisco mwaka 1971. Kikundi cha wachoraji wa katuni kilichoongozwa na Dan O'Neill kilichapisha matoleo mawili ya Air Pirates Funnies, ambamo Mickey Mouse na wenziwe walionyeshwa wakifanya mapenzi na kutumia mihadarati. Kampuni ya Disney ilishtaki mwaka huo huo. Ni vigumu kumfikiria msomaji ambaye angedhani kwamba Disney yenyewe ndiyo iliyochapisha vitabu hivyo, na kwa hiyo hata kama kila ukurasa ungebandikwa kanusho, lisingemfahamisha jipya. Mahakama ya rufani ya shirikisho ilipotoa hukumu yake mwaka 1978, swali lililoamua kesi lilikuwa jingine: wachoraji walichukua kiasi gani? Kwa kuwa Mickey anajulikana mno, ilisema, kiasi kidogo tu cha sura yake kingetosha kumkumbusha msomaji. Kumnakili mzima mzima kulipita haja. Tunaweza kubishana na hukumu hiyo. Kwa maoni yetu nguvu ya dhihaka ya O'Neill ilitokana hasa na uaminifu wa mchoro wake, yaani kumwona Mickey yule yule wa sinema akitenda yale ambayo sinema haikuthubutu kuyaonyesha. Lakini ni dhahiri kwamba shauri zima lilihusu kuchukua, wala si kudanganya.

Tofauti hiyo baina ya kuchukua na kudanganya ndiyo ufunguo wa suala letu, na inajitokeza waziwazi tukiitazama kesi ya pili. Katika toleo lake la Novemba 1983, jarida la Hustler lilichapisha tangazo la uongo lililoiga matangazo ya kinywaji cha Campari, ambamo mhubiri Jerry Falwell alisingiziwa mahojiano ya kashfa kuhusu mamake. Chini ya ukurasa, kwa herufi ndogo, palikuwa na ilani kwamba hii ni parodia ya tangazo na isichukuliwe kwa uzito. Na katika yaliyomo tangazo hilo liliorodheshwa kama kazi ya kubuni. Baraza la mahakama liliamua kwamba hakuna mtu mwenye busara ambaye angeliamini kuwa ni habari za kweli, na dai la kashfa likaanguka. Mwaka 1988 Mahakama ya Juu ya Marekani iliyatupilia mbali hata madai ya Falwell ya kuumizwa moyo. Hapa kanusho lilikwenda sambamba na swali lililoulizwa, kwa sababu swali lilikuwa: je, msomaji alidanganywa? Tunachelea kwamba umaarufu wa kesi hii ndio uliowafanya wengi wadhani kwamba herufi ndogo zile zinaweza kutibu kila maradhi.

Mnamo 1994 mahakama hiyo hiyo iliamua shauri la kikundi cha 2 Live Crew, kilichokuwa kimeuiga wimbo wa Roy Orbison wa 1964. Katika tanbihi moja ambayo wahakiki wa fasihi wangefaa kuisoma zaidi ya mara moja, ilieleza kwamba kazi haihitaji kubandikwa jina la parodia ili ipate ulinzi, kwani parodia hutimiza shabaha yake iwe imetajwa au haikutajwa. Mwaka 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika shauri la Deckmyn, ilifuata mkondo unaokaribiana na huo: parodia si lazima itaje chanzo chake.

Kama kutokuwepo kwa kanusho hakudhuru, je, kuwepo kwake kunafaa? Jibu lilikuja mwaka 1997. Mwandishi na mchoraji walikuwa wamesimulia kesi ya mauaji ya O.J. Simpson kwa mtindo wa vitabu vya watoto vya Dr. Seuss, na kitabu chao kikajiita parodia waziwazi. Mahakama ya rufani haikushawishika. Iliona kwamba kitabu kilimkejeli Simpson wala hakikumgusa Seuss, ambaye mtindo wake ulikopwa ili kuvuta macho tu. Jina lilikuwepo, tendo lenyewe halikuwepo. Kinyume chake ni riwaya ya Alice Randall, The Wind Done Gone ya 2001, inayousimulia upya ulimwengu wa Gone with the Wind kwa sauti ya mwanamke aliyezaliwa utumwani. Mahakama iliondoa amri ya kuizuia kwa kuwa riwaya ilibishana na kitabu cha awali kutoka ndani yake. Muhuri wa jaladani unaoitambulisha kuwa parodia isiyo na idhini haukuiokoa. Ulithibitishwa katika maafikiano ya 2002, baada ya vita kwisha.

Hadi hapa tumezungumzia Marekani zaidi. Hata hivyo, desturi ya michezo tunayoichunguza ina mzizi mwingine huko Japani, katika masoko ya kazi za mashabiki kama vile Comic Market iliyoanza Tokyo mwaka 1975. Miongoni mwa mashabiki wa Japani neno parodia limepanuka kiasi cha kutaja kazi yoyote inayowaazima wahusika wa kazi nyingine, iwe inakejeli au inasifu. Ilhali sheria ya hakimiliki ya nchi hiyo haina kifungu kinachoikinga parodia. Mwaka 1980 Mahakama ya Juu ya Japani ilimpa ushindi mpigapicha ambaye picha yake ya watelezaji thelujini iliunganishwa na gurudumu la gari kwa kejeli. Mwaka 1999 mahakama ya wilaya ya Tokyo iliamua kwamba filamu fupi ya ngono, iliyotengenezwa na mashabiki kutokana na mchezo wa Tokimeki Memorial, ilikiuka hakimiliki ya Konami na pia haki ya mtunzi ya kutoharibiwa kazi yake. Kinachoziwezesha kazi nyingi za namna hii kuendelea kuuzwa ni uvumilivu wa wenye haki.

Kwa hiyo, mtunzi wa leo anapoandika "hii ni parodia" katika ukurasa wa kwanza wa mchezo wake, hutumia neno lenye maana mbili pasipo kujua. Kwa wachezaji wenzake anataja utanzu: wanaelewa watakachokikuta, na mkataba baina yao umetimia. Kwa maana hiyo kanusho lina maana, na anayelipuuza kama maneno matupu halisomi vizuri. Lakini mwanasheria wa kampuni husoma maana ile nyingine, akaitafuta kejeli. Au hatafuti kitu. Chini ya sheria ya Marekani ya 1998 ilani ya kuondoa kazi hupelekwa kwa huduma ya intaneti inayoihifadhi, kama Nintendo ilivyofanya kuhusu mchezo wa Peach's Untold Tale. Mwaka 2015 mahakama ya rufani iliwataka wenye haki wazingatie kwanza kama matumizi ni halali. Bado wanaozingatia ni wao wenyewe, na wanachokipima si tangazo la mlangoni.

Peach alitekwa nyara katika Super Mario Bros. mwaka 1985, na ametekwa tena mara nyingi tangu hapo. Mchezo wa shabiki unaouliza kwa nini binti huyo hachoki kuibwa, au kwa nini zawadi ya mkombozi hukatizwa daima kwa adabu kabla ya kutolewa, una hoja dhidi ya kazi ya awali, na ngono yenyewe yaweza kuwa ndiyo njia ya kuitoa hoja hiyo. Mchezo unaomvua nguo tu hauna. Katika michezo hii miwili, maandishi ya ukurasa wa kwanza yanaweza kufanana neno kwa neno.