Ndege za Wanafunzi za Tom Mboya

Mpango wa ufadhili uliowapeleka vijana wa Afrika Mashariki kusoma Marekani kuanzia 1959, wakati serikali ya kikoloni ilitoa nafasi chache mno za elimu ya juu. Mwanasiasa Tom Mboya aliuendesha pamoja na wahisani wa huko, akiwamo mwanamuziki Harry Belafonte.

Ndege ya kwanza ilitua New York Septemba 1959 ikiwa na wanafunzi 81. Vyuo vilitoa nafasi za masomo; nauli ilichangishwa, na mwaka 1960 wakfu wa familia ya Kennedy uliahidi dola 100,000. Baba yake Barack Obama hutajwa kimakosa miongoni mwa abiria hao. Yeye alisafiri kivyake kwenda Hawaii.

Mafanikio ya Wangari Maathai pekee yangetosha kuupa mpango huu heshima. Aliondoka 1960, akasomea biolojia Kansas, na mwaka 2004 akawa Mwafrika wa kwanza mwanamke kutunukiwa Nobeli ya Amani.