Neno "camp" lilikotoka

Leo tuongee kidogo juu ya neno moja la Kiingereza tunalolisikia kila siku, kwenye mikutano, kwenye fomu, hata kwenye vibao vya barabarani: "camp". Sisi tunasema kambi. Lakini lilianzia wapi?

Lilianzia kwenye Kilatini, lugha ya Warumi wa zamani. Wao walisema "campus", maana yake uwanja, ardhi tambarare iliyo wazi. Basi. Hakuna hema, hakuna foleni. Mjini Roma, karibu na mto Tiber, kulikuwa na uwanja mkubwa ulioitwa Campus Martius. Hapo vijana walifanya mazoezi ya kijeshi na raia walikusanyika kupiga kura.

Baadaye neno likapita Italia na Ufaransa, likawa na maana ya uwanja ambapo askari wanapiga mahema. Waingereza wakalichukua hivyo katika karne ya 16. Na ukoo wake ni mkubwa! Jeshi likitoka kwenda uwanjani msimu wa vita, hiyo ni "campaign", ndiyo kampeni yetu ya uchaguzi. Mpiganaji wa uwanjani ndiye "champion", bingwa. Halafu katika karne ya 18, watu wa chuo cha Princeton, Marekani, wakaanza kuita uwanja wa chuo chao "campus". Kumbe kambi ya Waingereza na kampasi ya chuo ni ndugu.

Lakini neno hili lina upande mchungu pia. Kwenye vita vya Makaburu kule Afrika Kusini, miaka ya 1900 hadi 1902, Waingereza walichoma mashamba na kuwaweka wanawake na watoto kambini. Mwanzoni waliziita kambi za wakimbizi. Makaburu zaidi ya 26,000 walikufa humo, wengi wao watoto, na Waafrika weusi maelfu walikufa kwenye kambi zao. Jina zuri halikumwokoa mtu.

Na msidhani kambi ni za Waafrika tu. Kuanzia 1942, maelfu ya wakimbizi kutoka Poland waliishi Tengeru, karibu na Arusha. Miaka kadhaa baada ya vita kuisha, kambi ile ikafungwa.

Sasa tuje kwetu. Dadaab ilianza 1991, Kakuma 1992, Nyarugusu 1996. Askari anapiga hema leo, kesho anaondoka, ndiyo maana ya neno lenyewe. Ila mtoto aliyezaliwa Kakuma mwaka ule wa kwanza ameshapita miaka 30. Neno linasema "kwa muda", maisha yanasema kitu kingine.

Mwaka 2014 UNHCR ilitoa sera ya kutafuta njia nyingine badala ya kambi. Uganda wao wanasema makazi, na wengi wanapewa kipande cha ardhi cha kulima. Ni hatua nzuri, lakini tuangalie zaidi ya jina: je, mtu anaweza kutembea, kufanya kazi, kusoma? Hapo ndipo neno linabadilika kweli.

Na kwa lugha ya kwenu, wazee wanaitaje mahali hapa? Tuandikieni hapa chini, tujifunze pamoja.