Meno 52 au 58? Ubishi wa gia wa zaidi ya miaka mia moja

Juzi usiku jamaa yangu mmoja wa Arusha, niliyesoma naye chuo kikuu, alinipigia simu. Hakuuliza habari za Dar wala joto la huku. Alianza moja kwa moja: "Kaka, wewe si mwandishi? Hebu nichimbulie. Wanaume wanaweka meno mangapi mbele?"

Kwa wasiomfahamu (yaani ninyi nyote), jamaa anajijengea baiskeli ya mbio dhidi ya saa, kipande kimoja kimoja, kila mshahara unapotoka. Fremu anayo, ya mtumba. Magurudumu anayo. Kilichobaki ni gia na swichi za kubadilishia gia, na hapo ndipo fedha inapoteketea. Ana uwezo wa kununua mara moja tu. Akikosea, atakaa na kosa lake mwaka mzima, maana duka la kwenda kubadilisha halipo. Yeye alikuwa ameshaamua moyoni: sproketi ya mbele ya meno 58. Alichotaka kwangu ni baraka.

Nikamwambia nitamtafutia. Nilidhani ni kazi ya nusu saa. Imenila wiki mbili, na nilichokipata kimenishangaza kiasi kwamba nimeona nikiweke hapa.

Kwanza tuelewane. Mbio dhidi ya saa ni zile ambazo kila mmoja anaondoka peke yake, kwa zamu, na anayetumia muda mfupi zaidi ndiye mshindi. Hakuna kujificha nyuma ya mgongo wa mwenzako. Ni wewe, upepo na saa. Na gia ni hesabu ya darasa la tano: chukua idadi ya meno ya sproketi ya mbele, gawanya kwa meno ya nyuma, kisha zidisha kwa mzingo wa tairi, ambao kwa baiskeli hizi ni kama mita 2.1. Jibu ni umbali unaosogea kila pedali zinapozunguka mara moja. Phoenix ya babu haina ubishi huu, maana ina sproketi moja mbele na moja nyuma, mlima ukikushinda unashuka unasukuma.

Sasa turudi Ufaransa, kwa sababu huko ndiko ugomvi ulikoanzia.

Kulikuwa na bwana mmoja anaitwa Henri Desgrange. Tarehe 11 Mei 1893, katika uwanja wa Buffalo jijini Paris, aliendesha baiskeli kwa saa moja na kufikisha kilomita 35.325. Hiyo ndiyo rekodi ya kwanza ya saa moja inayotambuliwa. Miaka kumi baadaye, 1903, bwana huyu akiwa mhariri wa gazeti la L'Auto, alianzisha Tour de France ili kuuza magazeti. (Sisi wa magazeti tuna akili, msitudharau.)

Upande wa pili alikuwepo Paul de Vivie wa Saint-Étienne, aliyejulikana zaidi kwa jina la Vélocio. Naye alikuwa na jarida lake la baiskeli, na humo alihubiri kwamba baiskeli inatakiwa kuwa na gia zaidi ya moja. Mwaka 1902 yakafanyika mashindano ya majaribio milimani. Inasimuliwa kwamba mwanamke aitwaye Marthe Hesse, akiwa na baiskeli ya gia tatu, alimwacha mwanamume bingwa, Edouard Fischer, aliyekuwa na gia moja. Ungetegemea Desgrange akubali yaishe. Wapi! Aliandika kwamba gia hizo zinawafaa watu waliopita miaka 45, na kwamba kijana anatakiwa ashinde kwa nguvu za misuli yake.

Kwa kuwa Tour ilikuwa yake, alichosema ndicho kilichokuwa sheria. Vifaa vya kuhamisha cheni kutoka sproketi moja kwenda nyingine vilikuwepo, lakini mabingwa hawakuruhusiwa kuvitumia. Walichokuwa nacho ni sproketi moja kila upande wa gurudumu la nyuma. Ukifika chini ya mlima unasimama, unafungua nati, unaligeuza gurudumu, unafunga, unapanda. Ukifika juu unarudia. Inasemekana mwaka 1927 huko Italia, Tullio Campagnolo alishindwa kufungua nati hizo kwa sababu vidole vilikuwa vimekufa ganzi kwa baridi ya mlimani, na hapo akapata wazo la kifungio cha gurudumu kinachofunguka kwa mkono mmoja. Hadi leo jina lake liko kwenye baiskeli za mbio.

Mbio za kwanza za mtu mmoja mmoja dhidi ya saa ziliingia Tour mwaka 1934, kilomita 90 kutoka La Roche-sur-Yon hadi Nantes. Mshindi alikuwa Antonin Magne, ambaye pia alitwaa Tour ya mwaka huo. Hebu fikiria: kilomita 90, na gia umeichagua kabla ya kuondoka. Upepo ukigeuka, shauri yako.

Kibadili gia kiliruhusiwa mwaka 1937, baada ya Desgrange kuachia usimamizi kwa sababu ya ugonjwa. Mwaka huohuo Roger Lapébie akashinda Tour akiwa nacho. Vélocio hakuyaona hayo, alikuwa amefariki mwaka 1930.

Nilipofika hapa nikampigia jamaa simu. Akanisikiliza kwa adabu, halafu akasema, "Hiyo historia nzuri, lakini hujanijibu. Siku hizi wanaweka ngapi?"

Haya. Siku hizi.

Oktoba 2022, kule Grenchen nchini Uswisi, Mwitaliano Filippo Ganna aliweka rekodi ya saa moja ya kilomita 56.792. Mbele alikuwa na meno 65, nyuma 14. Jamaa kusikia 65 akapiga mluzi. "Unaona? Na mimi nataka 58 tu!"

Hapo ndipo nilipochukua kikokotoo. 65 gawanya kwa 14 ni 4.64. Sasa chukua sproketi ya kawaida kabisa ya meno 52, weka nyuma kijisproketi cha meno 11 ambacho kipo kwenye seti nyingi za dukani. 52 gawanya kwa 11 ni 4.73. Mnaona? Gia ya 52 kwa 11 ni nzito kuliko gia ya Ganna! Nilirudia hesabu mara tatu nikidhani nimekosea.

Kwa nini basi Ganna aliweka 65? Kwa sababu ya cheni. Sproketi zikiwa kubwa mbele na nyuma, cheni inajikunja kidogo zaidi inapozunguka, na msuguano unapungua. Mtu anayetafuta mita chache katika saa nzima, ndani ya ukumbi usio na kilima wala upepo, akiwa na gia moja tu ambayo haibadiliki, hilo lina maana kwake. Lakini 65 ile haikuwa kipimo cha ubavu. Kwa hesabu yangu miguu yake ilikuwa inazunguka kama mara 97 kwa dakika, mwendo ambao mabingwa wamekuwa wakiukaribia tangu zamani. Eddy Merckx, alipoweka rekodi yake ya kilomita 49.431 jijini Mexico City mwaka 1972, alitumia 52 kwa 14 na kuzungusha zaidi ya mara 100 kwa dakika.

Kisa kilichonigusa zaidi ni cha Julai 1993. Graeme Obree wa Scotland alikwenda Hamar, Norway, na baiskeli aliyoiunda mwenyewe, ambayo beringi zake zilitoka kwenye mashine ya kufulia nguo. Siku ya kwanza alijaribu rekodi ya saa moja akashindwa. Kesho yake asubuhi akarudi uwanjani, tarehe 17, na kufikisha kilomita 51.596. Gia yake: 52 kwa 12, nzito. Siku sita baadaye, huko Bordeaux, Mwingereza Chris Boardman akamvua rekodi kwa kilomita 52.270. Gia yake: 53 kwa 13, nyepesi kuliko ya Obree. Ukipiga hesabu unakuta Obree alizungusha kama mara 95 kwa dakika na Boardman kama mara 102. Watu wawili, wiki moja, tofauti ya mita 674 tu, na kila mmoja alikuwa na gia yake. Angekuja mshauri akawabadilishia, huenda wote wawili wangeharibu.

Upande wa swichi nako kuna historia yake. Siku Greg LeMond alipomshinda Laurent Fignon kwa sekunde 8 katika Tour ya 1989, mkono wa kubadilishia gia ulikuwa bado uko chini kwenye bomba la fremu. Alikuwa na ule usukani mpya wa kulalia viwiko, lakini kila alipotaka gia nyingine ilibidi aachie mkono mmoja na kuinama zaidi. Na alikwenda kilomita 24.5 kwa mwendo wa wastani wa kilomita 54.5 kwa saa! Baadaye swichi zikahamia kwenye ncha za usukani, vidole vilipo. Mavic wakajaribu gia za umeme mwanzoni mwa miaka ya 1990, Shimano wakaleta za kwao mwaka 2009, na SRAM wakaondoa waya kabisa mwaka 2015. Sasa unaweka kitufe kwenye ncha na kingine kwenye breki, na unabadilisha gia hata ukiwa umesimama kwenye kona.

Nadhani hapo ndipo penye faida halisi kuliko kwenye idadi ya meno. Gia ambayo huwezi kuifikia bila kuvuruga mkao wako, utaacha kuibadilisha, na utajikuta unaburuza gia isiyofaa.

Nikamfanyia jamaa hesabu zake mwenyewe. Kwenye tambarare anakwenda kama kilomita 40 kwa saa, na miguu yake inapenda mara 90 kwa dakika. Hapo anahitaji kusogea mita 7.4 kila mzunguko, ambayo ni karibu na 52 kwa 15. Akizungusha 52 kwa 11 mara 100 kwa dakika atakuwa kwenye kilomita 59 na ushee kwa saa. Nikamuuliza, lini mara ya mwisho ulikwenda 59 bila mteremko? Kimya.

Halafu nikamkumbusha njia yenyewe. Yeye na wenzake wa klabu huwa wanapima saa alfajiri kwenye barabara ya Namanga, kabla malori hayajaamka. Kule kuna kupanda kuelekea Oldonyo Sambu. Kwa mwendo wa kilomita 12 kwa saa mlimani, akiwa na 58 mbele na 28 nyuma, miguu itazunguka mara 46 kwa dakika, kama mtu anayekanda ugali wa sherehe. Akiwa na 52 mbele na 32 nyuma itazunguka mara 59. Magoti yake, yeye ndiye atakayeyatibu.

Tena nikamshauri aweke sproketi moja tu mbele, asiweke mbili. Kwenye Tour ya 2010 cheni ya Andy Schleck ilimchomoka akiwa anapanda Port de Balès na akapoteza sekunde 39 kwa Alberto Contador. Mwisho wa Tour Contador alikuwa mbele kwa sekunde hizohizo 39. (Contador alinyang'anywa ushindi mwaka 2012 kwa sababu za dawa na Schleck akapewa, lakini cheni haikujua hayo.) Sproketi moja mbele ina mambo machache ya kuharibika, na swichi ya upande mmoja huihitaji kabisa. Fedha inayobaki inunue vitufe vizuri.

Msidhani ubishi wa Desgrange umeisha. Hadi mwisho wa 2022 vijana wa daraja la junia walikuwa wamewekewa kikomo cha mita 7.93 kwa mzunguko, ambayo ni ile 52 kwa 14 ya Merckx. Mwaka 2025 chama cha baiskeli cha dunia, UCI, kikataka kujaribu kikomo cha 54 kwa 11 kwa wakubwa, kikitaja usalama. SRAM, ambao wanatengeneza kijisproketi cha meno 10, wakakimbilia kwa mamlaka ya ushindani ya Ubelgiji, na jaribio likasimamishwa.

Na mwaka huohuo wa 2025, mashindano ya dunia ya barabarani yalikuja Afrika kwa mara ya kwanza, Kigali, jirani zetu. Mbio dhidi ya saa za wanaume zilikuwa kilomita 40.6 zenye vilima na kipande cha mawe cha Kimihurura. Remco Evenepoel alishinda, na njiani akampita Tadej Pogačar aliyekuwa ameondoka mbele yake. Njia kama ile mtu anahitaji gia ya kupandia kwa heshima, si ya kupigia picha.

Jana jamaa ametuma ujumbe. Ameagiza 52, moja tu mbele, na 11 hadi 32 nyuma. Halafu akaongeza: "Lakini usimwambie mtu nilitaka 58."

Samahani kaka, nimeshaandika.