Gari la Spoti Lililokunywa Spiriti: Kisa cha Saab Aero-X

Testi zimeisha juzi, kwa hiyo leo tuongee magari kidogo. Msikimbie nyie mnaosema magari ni mambo ya watu wa uhandisi. Hii ni historia kabisa, na kwa mbali inafika hadi Bagamoyo.

Mwaka 2006, kwenye maonyesho ya magari ya Geneva kule Uswisi, kampuni ya Saab kutoka Uswidi ilileta gari la mfano inaloliita Aero-X. Gari la mfano, kwa asiyejua, ni lile linalotengenezwa moja tu ili watu waone kampuni inawaza nini, haliendi kuuzwa dukani. Hili lilikuwa la watu wawili, chini chini, na halina milango! Kioo cha mbele, paa na ubavu vinanyanyuka kwa pamoja kama kifuniko cha ndege ya kivita. Saab hawakuiga hilo kwa mtu, maana kampuni yenyewe ilianzishwa mwaka 1937 kutengeneza ndege, na magari yakaanza kutoka kiwandani mwishoni mwa 1949.

Ila kilichonivuta mimi ni tenki lake. Aero-X ilitumia ethanoli tupu, yaani spiriti inayotokana na mimea kama miwa, bila tone la petroli. Injini ilikuwa ya lita 2.8, silinda sita, turbo mbili, inatoa nguvu za farasi 400. Kutoka kusimama hadi kilomita 100 kwa saa sekunde 4.9, na spidi ikafungiwa kwenye 250. Sasa jiulize, kipindi kile watu wengi waliposikia "mafuta rafiki wa mazingira" walifikiria nini? Kigari kidogo kinachopanda mlima kwa kuomba dua. Saab wakaja na jibu tofauti.

Siri yake ni hii. Kwenye injini ya turbo, hewa inasukumwa kwa nguvu ndani ya silinda ili mafuta mengi zaidi yaungue. Ukizidisha, petroli inajiwakia kabla ya wakati wake na injini inaanza kugonga. Ethanoli ni mvumilivu zaidi, haijiwakii ovyo, kwa hiyo fundi anaweza kuongeza msukumo wa turbo na kupata nguvu zaidi. Na turbo ndiyo fani ya Saab, tangu walipotoa 99 Turbo miaka ya 1970. Kasoro ni kwamba lita moja ya ethanoli ina nishati pungufu kwa karibu theluthi moja ukilinganisha na petroli. Ukitaka mwendo uleule utaijaza mara nyingi zaidi.

Na hazikuwa ndoto za maonyesho tu. Mwaka 2005 Saab walishaanza kuuza Uswidi gari la kawaida la familia, 9-5 BioPower. Lilikubali petroli, na lilikubali E85, yaani mchanganyiko wa ethanoli asilimia 85 na petroli 15. Kwa petroli lilitoa farasi 150, kwa E85 likatoa 180. Gari lilelile, injini ileile. Mwaka 2006 sheria ikawabana wenye vituo vikubwa vya mafuta Uswidi wauze angalau aina moja ya nishati isiyo ya petroli wala dizeli, na wengi wakaweka pampu ya E85 kwa sababu gharama ya kuifunga ilikuwa nafuu.

Hapa ndipo mwanahistoria anatakiwa anyanyue mkono. Hiyo ethanoli inatoka wapi? Miwa haioti kwenye theluji. Nyingi ilitoka Brazil, nchi iliyoanza mpango wake wa taifa wa ethanoli mwaka 1975 baada ya bei ya mafuta kupanda. Lakini miaka hiyohiyo ya Aero-X, kampuni ya Uswidi iitwayo SEKAB, wasambazaji wakubwa wa ethanoli kule kwao, ilikuwa inatafuta ardhi ya kulima miwa Rufiji na Bagamoyo. Bagamoyo walilenga shamba la Razaba, ile Ranchi ya Zanzibar Bagamoyo ya zamani, karibu na mto Wami na hifadhi ya Saadani. Ndani yake walikuwemo wakulima na wafugaji wanaoishi pale. Ubishi ukawa mkubwa, huku na kule Uswidi: maji ya mto, ardhi ya vijiji, chakula au mafuta? Mwaka 2009 SEKAB wakauza mradi, ukabadilika kuwa zaidi wa sukari chini ya EcoEnergy, na mwaka 2016 serikali yetu ikausitisha.

Saab nao hawakufika mbali. General Motors, waliokuwa wamiliki, waliiuza mwaka 2010, na Desemba 2011 kampuni ya magari ikafilisika. Aero-X imebaki kwenye makumbusho ya Saab mjini Trollhättan, ambayo nayo nusura mali zake zipigwe mnada kabla manispaa na wenzake hawajazinunua mwaka 2012.

Kwa sisi tunaosomea kufundisha Historia, naliona gari hili ni chanzo kizuri cha kumbukumbu, sawa na barua au ramani ya zamani. Linatuonyesha matajiri wa 2006 walivyotamani kesho yao: spidi ileile, dhamiri safi, na shamba liwe mbali. Swali la kiufundi walilijibu vizuri sana, nguvu ilipatikana. Swali la nani analima, kwenye ardhi ya nani na kwa maji ya nani, halikuonekana pale jukwaani Geneva. Mtu wa Razaba ndiye aliyeachiwa alijibu.

Siku hizi ni zamu ya magari ya umeme na madini ya betri. Ningeingia darasani, ningeanza na picha ya gari lisilo na milango, halafu nimuulize mwanafunzi: mafuta yake yanaota wapi? Wewe mdau ungeanzia wapi?

Naomba kuwasilisha.