Wageni na Hospitali za Uingereza

Wahenga walisema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Yafaa, msomaji, uikumbuke methali hiyo unaposoma habari za Waingereza na ghala yao ya pamoja.

Tarehe 21 Juni 1948, meli iitwayo Empire Windrush ilitia nanga Tilbury, karibu na London, nayo imechukua mamia ya watu wa visiwa vya Karibi waliokuja kutafuta kazi. Majuma mawili baadaye, tarehe 5 Julai, serikali ilianzisha huduma ya afya ya taifa. Gharama zake zilitoka hasa katika kodi. Tajiri na maskini wakatibiwa bila malipo.

Watu waliipenda sana huduma hiyo, lakini punde yakasikika manung'uniko kwamba wageni watibiwa bure. Mwaka 1949 Bunge lilitoa idhini ya kuwatoza wasio wakazi. Lakini idhini hiyo haikutumiwa hadi mwaka 1982. Aneurin Bevan, waziri aliyeianzisha huduma hiyo, alieleza kwamba ili kumtambua mgeni, ingebidi kila mwenyeji naye athibitishe kuwa si mgeni.

Wakati huo huo hospitali zilipungukiwa na watumishi. Waliajiriwa wauguzi kutoka Karibi, na madaktari kutoka India na Pakistan. Basi huenda aliyelalamika kuwa mgeni amemnyang'anya kitanda, aliuguzwa na mgeni kitandani humo.

Mwaka 1968 jambo hili lilifika hata kwetu. Waasia wengi wa Kenya, wenye pasi za Uingereza, walikuwa wakihamia huko. Kwa siku chache tu Bunge likapitisha sheria ya kuwazuia wasio na mzazi, babu wala bibi aliyezaliwa Uingereza. Mwezi wa Aprili Enoch Powell, aliyekuwa waziri wa afya tangu 1960 hadi 1963, alihutubu Birmingham akidai kwamba wenyeji wakosa vitanda vya hospitali na nafasi za shule.

Angalia vema: Waingereza hawakuivunja huduma yao. Waliipenda, na kwa kuipenda wakaogopa kuigawa. Wakagombania mlango, si nyumba. Nawe utakaposikia kwamba mgeni aimaliza ghala, usiulize tu amekula kiasi gani. Uliza pia ni nani aliyeshika jembe.