Mali ya Margaret Hardenbroek

Nikifungua faili la mirathi, kwanza natafuta jina lililo kwenye hati. Ukarani wa mahakama ya kadhi hapa Mombasa ulinionyesha nyumba zilizojengwa kwa dhahabu za mke, na mume alipofariki watoto wa kambo wakaja na hati yenye jina la baba yao. Kwa hiyo nilipoanza kusoma habari za ukoo wa Philipse wa New York, matajiri waliopewa himaya nzima kando ya mto Hudson, nilimtafuta mke kabla ya mume.

Mume, Frederick Philipse, alianza akiwa seremala wa Kampuni ya Kiholanzi ya West Indies. Margaret Hardenbroek alitua New Amsterdam, mji ulioitwa New York baadaye, mwaka 1659 na kazi yake mkononi: alikuwa wakala wa binamu yake, akiuza pini, mafuta ya kupikia na siki, na kupeleka Amsterdam ngozi za manyoya. Mwaka huohuo akaolewa na mfanyabiashara Pieter de Vries, akamzalia binti, Maria. Mwaka 1661 akafiwa na mume, akairithi biashara na kuiendesha mwenyewe.

Alipotaka kuolewa na Philipse mwaka 1662, wasimamizi wa mayatima walimzuia. Alitakiwa kwanza alete orodha ya mali ya marehemu, fungu la mtoto lijulikane. Margaret hakuileta. (Wajane wa namna hiyo nimewaona, ukiwauliza orodha, mara ufunguo wa kasha umepotea.) Mwisho wakaridhika na mkataba: Philipse amchukue Maria kama mwanawe na amrithishe.

Sheria ya Waholanzi ilimpa bibi harusi njia mbili: aingie chini ya mamlaka ya mume pamoja na mali yake, au aikatae mamlaka hiyo, abaki na jina lake na aweke mikataba kwa sahihi yake. Margaret alishika ya pili. Kwetu pwani hilo halishangazi, maana kwa sheria ya Kiislamu mali ya mke ni ya mke. Kwa Mwingereza wa zama zile lilikuwa jambo la ajabu, na Waingereza ndio walioutwaa mji mwaka 1664. Masharti ya kusalimu amri yaliwaachia Waholanzi desturi zao za urithi, lakini sheria ya wageni, inayommeza mke ndani ya mume, ilizidi kujaa mjini. Mikataba ikawa inaandikwa kwa jina la Frederick.

Margaret hakuacha bahari. Mwaka 1679 Jasper Danckaerts, mtu wa dini aliyekuwa akiitafutia madhehebu yake ardhi Marekani, alisafiri kutoka Uholanzi katika meli ya Margaret na Frederick, Charles, na bibi mwenyewe akiwamo. Shajara yake imejaa malalamiko juu ya ubahili wa mama huyo. Tambara la kupigia deki lilianguka baharini. Meli ikasimamishwa, mashua ikateremshwa, na mabaharia wakahatarisha roho zao kulifuata. Danckaerts alikuwa mtu wa kulaumu kila kitu, lakini hapa namwamini. Tajiri anayekagua shehena yake mwenyewe huwa hivyo.

Na shehena hiyo haikuwa ngozi na siki tu. Mwaka 1685 Charles ilipakia watu pwani ya Angola, wengi wakauzwa Barbados, na wachache wakafikishwa New York kufanya kazi katika mashamba na vinu vya Philipse. Sioni sababu ya kumsifu Margaret kwa uhodari wa biashara halafu nilifumbie macho hilo.

Alifariki mnamo 1691. Mwaka 1692 Frederick alioa mke mwingine, na mwaka 1693 mfalme akampa hati ya himaya, yenye jina lake peke yake. Biashara ya watu ikafika hadi bahari yetu: meli iliyoitwa Margaret ilitumwa Madagaska, Bukini ya wazee wetu, ikanunua watumwa, ikakamatwa Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1699. Vitukuu wa Frederick walishikamana na mfalme wa Uingereza katika vita vya uhuru, na mwaka 1779 jimbo likawanyang'anya ardhi yote.

Tawi la Maria lilisalimika. Baadaye aliitwa Eva, akaolewa na Jacobus van Cortlandt. Binti yao Mary akamzaa John Jay, jaji mkuu wa kwanza wa Marekani. Kitukuu huyo wa Margaret aliongoza chama cha kutetea kuachwa huru kwa watumwa, huku naye akimiliki watumwa. Akiwa gavana wa New York alitia sahihi sheria ya mwaka 1799: watakaozaliwa na mama mtumwa baada ya Julai 4 watakuwa huru, wa kike baada ya kutumika hadi miaka 25, wa kiume hadi 28. Mama zao sheria hiyo haikuwagusa.